Nyumba ya Kabla ya Vita: Tulivyoiangalia Six Degrees of Separation

Mpwa wangu yuko New York mwaka wa sita huu. Analala Bronx, na kila asubuhi anapanda treni kwenda Manhattan kumhudumia bibi mmoja mzee anayekaa karibu na Central Park. Siku za mwanzo alinitumia sauti kwenye WhatsApp: "Mjomba, nafanya kazi ndani ya nyumba ya kabla ya vita." Nikamuuliza, vita gani hiyo, ya Kabila ama ile ya pili? Alicheka mpaka sauti ikakatika.

Vita vyenyewe ni vya pili vya dunia. Kule New York, jengo la fleti lililojengwa kabla ya vita hivyo, hasa miaka ya 1920, linaitwa hivyo kwa sifa, na neno hilo likiwekwa kwenye tangazo bei inapanda. Sisi hapa Nyarugusu tuna maneno hayohayo, ila hayapandishi bei ya kitu. Mtu akianza kusema "nyumba yetu ya kabla ya vita", anayemsikiliza anajua kwamba sasa inakuja hesabu: mabati mangapi, miembe mingapi, mbuzi, duka la baba. Ya kwetu, upande wa Fizi, ilikuwa na vyumba vitatu na kuta za tofali za udongo. Naitaja mapema kwa sababu itarudi.

Hiyo ya mpwa wangu nimeiona kwa picha. Dari iko juu kiasi kwamba balbu ikiungua wanaita mtu mwenye ngazi. Sakafu ni ya mbao zilizopangwa kama mkeka. Kuta ni nene, anasema hata mtu akilia chumba cha pili humsikii. Nyuma ya jiko kuna kachumba kadogo, kitanda kimoja na dirisha linaloangalia ukuta. Hicho ni chumba cha mtumishi, kilichorwa hivyo tangu mwanzo, na ndipo mpwa wangu anapoweka mkoba wake. Jengo lina lifti ya mbele na lifti ya nyuma. Akiwa anamsindikiza bibi anapanda ya mbele. Akiwa na kapu la nguo za kufua anapanda ya nyuma, pamoja na takataka. Hakulalamika aliponieleza, alinieleza tu kama mtu anavyoeleza njia ya kwenda kisimani.

Na nani alichora majumba haya? Mmoja wa wanaosifiwa kuliko wote ni Rosario Candela, mzaliwa wa Sicily mwaka 1890, mtoto wa fundi wa kupiga lipu, aliyeingia Marekani kama mhamiaji mwaka 1909. Jengo namba 740 Park Avenue, la mwaka 1930, ni mojawapo ya kazi zake. Kwa hiyo lile wazo la wapi mgeni apite na wapi mwenye kapu apite, lilipita pia kwenye mikono ya mtu aliyefika kwa meli.

Sasa filamu. Six Degrees of Separation ni ya mwaka 1993, imeongozwa na Fred Schepisi, na imetoka kwenye tamthilia ya John Guare ya mwaka 1990. Jina lake linabeba wazo kwamba kati yako na mtu yeyote duniani kuna watu sita tu wanaojuana, mmoja hadi mwingine. Tuliionyesha kwenye kibanda umiza cha jirani yetu, shilingi 200 kwa kichwa, na mfasiri wetu wa kawaida, yule anayefasiri pia Kihindi na Kichina bila kuzijua lugha hizo. Kiingereza anakijua kidogo, na siku hiyo tulimwandalia.

Kosa lake la kwanza lilikuwa kusema kwamba familia tunayoiona inamiliki ghorofa nzima. Watu wakaguna. Nikamwomba asimamishe nikaeleza, na naeleza tena hapa, kwa sababu bila hili filamu inapungua nusu. Majengo mengi ya namna hii yanaendeshwa kwa ushirika. Ndiyo, ushirika, neno lilelile la wakulima wa kahawa wa Kigoma, ila huu ni wa matajiri. Hununui kuta. Unanunua hisa za kampuni inayomiliki jengo zima, na hisa hizo zinakupa haki ya kukaa kwenye fleti yako. Kwa hiyo majirani ni washirika wako, washirika wana bodi, na bodi ndiyo inayoamua nani aingie.

Muuzaji amekubali, mnunuzi ana pesa, bei wamepatana: bado. Unapeleka makaratasi ya benki, makaratasi ya kodi, barua ya mwajiri, barua za watu wanaokufahamu wakishuhudia kwamba wewe ni mtu mzuri. Halafu unaitwa kwenye usaili. Bodi ikikukataa, kwa kawaida hailazimiki kukuambia sababu. Sheria inaikataza kumkataa mtu kwa rangi yake, dini yake au alikotoka, lakini mtu asiyelazimika kutaja sababu utamkamata kwa sababu ipi? Richard Nixon, aliyekuwa rais wa nchi, alikataliwa mwaka 1979. Madonna alikataliwa na jengo la San Remo mwaka 1985, na pesa zake zote.

Nilipofika hapo kibandani, mtu mmoja akasema, "Kumbe na wao wanafanyiwa intavyu." Tukaendelea na filamu.

Flan na Ouisa Kittredge, mume na mke, wanakaa Fifth Avenue, dirisha linaangalia Central Park. Wanafanya biashara ya picha za kuchora za bei kubwa, na ukiangalia vizuri utaona kwamba wao wenyewe wanaishi kwa kukopa na kubahatisha. Wana mchoro wa Kandinsky wenye pande mbili ambao wanaugeuzageuza. Sikuona kama unastahili muda wote ule. Usiku mmoja wanamkaribisha rafiki yao Geoffrey, mwenye migodi ya Afrika Kusini wakati wa ubaguzi, maana wanataka awape dola milioni 2 wanunue mchoro wa Cézanne. Bado wanajiandaa kwenda kula, bawabu anamleta kijana mweusi, anavuja damu. Anasema amevamiwa na wezi hapo bustanini, kwamba anasoma Harvard na watoto wao, na baadaye kwamba baba yake ni Sidney Poitier, mwigizaji. Jina lake Paul. Will Smith ndiye anayeigiza, na wale wanaomjua kwa bunduki na utani walishangaa.

Paul anabadilishwa shati, shati la pinki la mtoto wa nyumba. Anapika chakula kwa vilivyomo jikoni. Anazungumza vizuri kuliko watoto wao wenyewe, na Geoffrey anafurahi, na zile milioni 2 zinaanza kunukia. Wanampa kitanda na dola 50. Asubuhi Ouisa anamkuta na mwanamume aliyemwokota usiku mtaani, wote uchi, na anawafukuza. Hapo mfasiri wetu alisema yule wa pili ni "mwizi mwenzake". Nilimwelewa, kibandani kulikuwa na wazee na watoto, lakini aliibadilisha filamu. Hakuna kilichoibiwa kwenye ile nyumba, na hilo ndilo linalowachanganya wenyeji. Wanahesabu vijiko, wanahesabu michoro, kila kitu kipo. Sasa huyu alitaka nini?

Baadaye wanagundua kwamba rafiki zao nao waliingiliwa hivyohivyo, kwamba Poitier ana mabinti tu, na kwamba Paul alifundishwa namna ya kuongea, namna ya kukaa na majina ya kutaja, na kijana mmoja aliyesoma na watoto wao. Na Ouisa anafikia kukubali jambo moja kubwa: kile kidonda Paul alijichoma mwenyewe ili apate kuingia.

Mtu anaweza kuiangalia filamu hii kama kisa cha tapeli, na watu wengi kibandani waliiangalia hivyo wakacheka sana. Mimi naiona kama filamu ya mlango. Mlango wa ushirika una bawabu, una bodi, una barua za mashahidi. Kila aliye ndani aliwahi kukaa mbele ya watu na kusema yeye ni nani, na akaaminiwa. Paul hakuruka ukuta. Alipita palepale walipopita wao, kwa hadithi na majina ya watu wanaomfahamu. Barua za mashahidi hakuwa nazo, alikuwa na damu.

Mimi pia nimekaa mbele ya meza hiyo. Ofisi siitaji, na faili langu lilishafungwa, ndiyo maana naweza kuandika haya. Kabla ya usaili wa pili, jamaa mmoja wa blok yetu, mzoefu wa mambo hayo, alinipitisha kwenye habari zangu kama mwalimu anavyompitisha mtoto kwenye mtihani. Akaniambia: "Hapa unasema ulisikia. Usiseme ulisikia, mdogo wangu. Sema uliona." Ilikuwa habari ya baba mdogo. Usiku ule mimi nilikuwa chumba cha pili, katikati yetu ukuta wa tofali za udongo. Nilisikia kila kitu, tangu mwanzo hadi kimya. Sikuona.

Kwenye usaili nikasema niliona. Afisa alikuwa dada mpole, aliniletea maji. Akauliza, baba mdogo alikuwa amevaa nini? Nikasema shati jeupe. Usaili wa tatu, mtu mwingine, swali lilelile, nikasema shati la bluu. Baada ya muda mrefu ikaja karatasi yenye visanduku, kimoja kimewekewa alama.

Kwa hiyo Paul alipoonyesha damu mimi sikucheka na wenzangu. Anayekaa mlangoni hajui kwamba yeye ndiye anayeweka bei ya kuingia. Akishasikia vidonda elfu moja, kile cha elfu moja na moja lazima kiwe kikubwa zaidi, na anayebisha hodi anajua. Halafu kikigundulika kwamba kimeongezwa, hata kile cha kweli kilichokuwa chini yake kinatupwa. Filamu inalijua hilo. Haituambii Paul alitoka wapi, wala jina lake halisi. Mara ya kwanza nilikasirika, nikaona mwandishi amekwepa kazi. Sasa naona amefanya sawa. Angetupa historia ya kweli ya Paul, na sisi watazamaji tungekaa kama bodi, tukaanza kumpigia kura.

Kuna jambo lingine ambalo filamu inalifanya vizuri sana, na hapa wasomaji wetu wa mashirika wataniwia radhi. Kisa chote tunakipata kwa mdomo wa Flan na Ouisa. Wanakisimulia harusini, wanakisimulia mezani kwenye karamu, wanasaidiana, mmoja anaanza mwingine anamalizia, wageni wanaacha vijiko wanasikiliza. Kisa cha Paul kinawapa heshima. Wanaalikwa kwa ajili yake. Wanajua wapi wanyamaze, wapi watu watashtuka. Mpaka siku moja Ouisa, mezani, katikati ya watu, anakataa. Anaona kwamba mtu mzima aliyeingia kwao amegeuka kitu cha kuchekeshea wageni, na anauliza wanawezaje kulihifadhi lile lililowatokea kama jambo lililotokea kweli. Stockard Channing anaigiza hapo bila kupiga kelele, uso tu unabadilika, na ndiyo dakika bora ya filamu nzima.

Hapa kambini wanakuja watu na kamera na fomu ya ridhaa, wanaomba hadithi. Si watu wabaya. Mimi niliwapa ya mradi wa kuku wa mayai, na miaka miwili baadaye kijana mmoja akanionyesha kwenye simu yake: mimi, nimeshika kuku, natabasamu, na maneno kwamba maisha yangu yamebadilika. Kuku wote walishakufa kwa kideri kabla ile ripoti haijatoka. Hakuna aliyerudi kuuliza. Ninapomwona Flan akisimulia vizuri namna ile, na mvinyo mkononi, nafikiria ni meza ngapi zimekaa na kuku wangu.

Kisa chenyewe kina asili ya kweli. Mwaka 1983 kijana aitwaye David Hampton aliingia kwenye nyumba za watu wa New York akijiita mwana wa Sidney Poitier. Guare alikisikia kwa marafiki zake, waliokuwa miongoni mwa walioingiliwa. Tamthilia ilipopata jina, Hampton alikwenda mahakamani akidai sehemu ya faida, akashindwa. Alifariki mwaka 2003. Simtetei, aliwadanganya watu na alifungwa kwa hilo. Lakini angalia mgawo: waliodanganywa walipata hadithi, mwandishi akapata tamthilia, watu wa sinema wakapata filamu, na aliyeivujia hadithi jasho aliambiwa si yake.

Sasa lawama zangu. Katikati ya filamu wanaingia Rick na Elizabeth, vijana wawili maskini waliotoka Utah kuja kutafuta maisha New York. Paul anawaambia kwamba Flan ni baba yake, kwamba amemkana. Hawa wanamwamini bila bawabu, bila bodi, bila damu. Wanampa pa kulala. Rick anampa akiba yao yote, dola 250. Paul anazitumia usiku mmoja, anampeleka Rick kucheza dansi mahali pa matajiri, analala naye, kisha anaondoka. Rick anajiua.

Huyu ndiye mtu pekee katika filamu aliyelipa kwa maisha yake, na filamu inampa dakika chache tu. Kamera inakimbia kurudi Fifth Avenue, kwenye dari ndefu na michoro, kana kwamba huko chini hakuna hewa. Elizabeth anabaki peke yake, hana pesa, hana mwenzake, na sisi tunarudishwa kuangalia Ouisa anavyohuzunika vizuri. Kibandani hapo kelele ziliisha. Watu walimjua Rick. Kila mmoja wetu hapa amewahi kumpa mtu akiba kwa sababu ya hadithi: anayejua ofisa, anayeweza kusogeza faili, aliye na shemeji Dar es Salaam wa kutafuta kibali. Nilimwonyesha Flan kwa kidole na kusema huyu ameibiwa nini? Usingizi wa usiku mmoja. Nyumba ya ushirika ilimlinda hata alipomkaribisha mwongo ndani. Ile ya Rick, chumba cha kupanga, haikuwa na ukuta wowote. Filamu inayoweza kumwona Paul kwa makini namna ile ingeweza kumwona na Rick. Haikutaka kutoka kwenye nyumba nzuri kwa muda mrefu, na mimi nadhani mwongozaji mwenyewe aliipenda nyumba kupita kiasi.

Mpwa wangu naye ameiona, nilimwambia aitafute. Yeye hakusema neno juu ya Paul. Alisema: "Mjomba, yule bawabu atafukuzwa kazi." Filamu haimfuatilii bawabu, na mimi sikuwa nimemfikiria hata kidogo.

Mwishoni Paul anampigia Ouisa simu. Wanaongea muda mrefu, na Ouisa anamshawishi ajisalimishe, anaahidi kumpeleka mwenyewe, amtendee vizuri, amtafutie msaada. Wanachelewa njiani. Wakifika polisi wameshamchukua. Ouisa anapiga simu huku na huku kumtafuta, lakini anayemtafuta hana jina. Aliishi kwao, alivaa shati la mtoto wao, alipika kwenye jiko lao, na jina lake halisi hawalijui. Wanamuuliza yeye ni nani wake. Si ndugu. Basi hawezi kuambiwa.

Nyuma kibandani alikuwepo mama mmoja wa kutoka Baraka, amekaa kimya tangu mwanzo, ananyonyesha. Akasema kwa sauti, kama anamwelekeza mtu dirishani: "Awape namba ya kesi basi."

Mfasiri hakuwa na la kuongeza. Betri ya sola ilikuwa inaisha, picha ikaanza kufifia, watu wakaanza kutafuta ndala zao gizani. Dakika za mwisho niliziona kesho yake kwenye simu ya jirani: Ouisa anawaacha wenzake mezani, Flan anamfuata akimwita, na yeye anatembea peke yake barabarani.